Katani: Mfanyakazi aone hesabu kabla ya uamuzi

Mnunuzi wa katani mjini Tanga huuliza mambo matatu kabla ya kufunga bei: daraja, tani na tarehe ya meli. Mwekezaji mdogo anayefikiria kununua hisa za kampuni ya mashamba naye huuliza matatu: gawio la mwaka jana, deni la benki na mwelekeo wa bei katika soko la dunia. Swali la nne huulizwa na wachache. Ndani ya kampuni hiyo, nani anayejua hali halisi ya shamba, na je, husikilizwa kabla uamuzi haujapitishwa?

Kwa miaka mingi swali hilo limeachiwa vyama vya wafanyakazi na wanasiasa. Wafanyabiashara wameliona kuwa jambo la haki na huruma, lisilohusu bei. Mkonge unaonyesha vinginevyo. Katika zao linalokaa ardhini miaka kumi na zaidi, ushiriki wa wafanyakazi katika uendeshaji wa kampuni ni jambo la faida na hasara, na mwenye hisa anayelidharau anaweka fedha zake gizani.

Mfano ulio karibu ni Mwera, wilayani Pangani, ng'ambo ya kusini ya mto. Eneo hilo lina nafasi yake katika historia ya biashara ya nchi hii. Ni huko huko ng'ambo, Kikogwe, ambako mkonge wa kwanza ulipandwa mwaka 1893, baada ya Mjerumani Dk. Richard Hindorf kuagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na miche 62 tu kufika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa wa katani duniani. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takriban tani 230,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umeanguka hadi karibu tani 20,000.

Sababu za anguko hilo zinajulikana. Kamba za plastiki ziliingia sokoni, na bei ya katani ilishuka kwa karibu nusu kati ya 1964 na 1967. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Hata hivyo, mashamba hayakufa siku moja. Yalizeeka mwaka hadi mwaka bila kupandwa upya, huku vitabu vya hesabu vikiendelea kufungwa kila mwisho wa mwaka kama kawaida.

Anachokijua mkata mkonge

Mkonge hukatwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili hadi mitatu. Baada ya hapo huendelea kukatwa kwa awamu hadi unapotoa mlingoti wake wa maua, na hapo maisha yake yamekwisha. Kwa hiyo shamba linalotaka kubaki na majani ya kutosha kulisha korona lazima lipande upya sehemu yake kila mwaka.

Chukua mfano wa kukadiria tu, wa shamba la hekta 1,000 ambalo mimea yake hudumu miaka 10. Ili lisipungue, linapaswa kupanda hekta 100 kila mwaka. Menejimenti ikiacha kupanda kwa miaka mitatu, itaokoa gharama za trekta, miche, vibarua na palizi. Faida itapanda, gawio litalipwa, na mwenye hisa atapiga makofi katika mkutano mkuu. Lakini hekta 300 zimekwisha kuwa pengo. Hata kama kazi ya kupanda ikianza mwaka wa nne, majani ya kwanza hayatafika korona kabla ya mwaka wa sita.

Pengo hilo huonekana mapema sana kwa mtu mmoja, naye ni mkata mkonge. Yeye ndiye anayepita mstari kwa mstari na panga mkononi. Anajua eneo gani limeshatoa milingoti, wapi magugu yameshinda palizi, na wapi inambidi atembee mbali zaidi kutafuta majani ya kutimiza kazi yake ya siku. Mwendesha korona naye anajua ni mara ngapi mashine imesimama kwa kukosa maji au vipuri, na kwamba jani lililokaa muda mrefu baada ya kukatwa hutoa singa mbovu. Wanaoanika na kupiga brashi wanajua kwa nini bando lililotarajiwa kuwa daraja la juu limeshuka.

Upande wa pili, kuna mambo ambayo mkata mkonge hayajui. Hajui deni la benki linadaiwa lini, mkataba na mnunuzi unasemaje, wala kama michango yake ya NSSF iliyokatwa kwenye mshahara imepelekwa. Hayo yamo ofisini.

Basi kampuni ina nusu mbili za habari zilizo kwa watu wawili tofauti. Ofisi ina hesabu bila shamba, na mfanyakazi ana shamba bila hesabu. Baraza la wafanyakazi lenye maana ni mahali ambapo nusu hizo mbili hukutana kabla uamuzi haujafanywa. Likikosa sharti hilo, halina tofauti na kikao cha chai.

Kura ya wanahisa

Wasomaji wanaofuatilia Soko la Hisa la Nairobi watakumbuka REA Vipingo. Kampuni hiyo ya mkonge, iliyokuwa na mashamba Vipingo katika pwani ya Kenya na Dwa katika barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, ilimiliki pia Amboni Plantations ya Tanga, na shamba la Mwera lilikuwa miongoni mwa mali zake. Yaani mtu aliyeuza na kununua hisa hizo Nairobi alikuwa akiuza na kununua, pamoja na mengine, jasho la Mwera.

Mwishoni mwa mwaka 2013 mwanahisa mkubwa, REA Trading, alitoa bei ya Sh. 40 za Kenya kwa kila hisa ili achukue kampuni yote. Kampuni ya uwekezaji ya Centum ikaingia na bei yake, mashindano yakaanza, na hatimaye bei ikafika Sh. 85. Mwaka 2015 REA Vipingo iliondolewa katika orodha ya soko. Mwanahisa mdogo aliyekuwa na subira alipata zaidi ya mara mbili ya bei ya kwanza, na hakuna wa kumlaumu kwa kupokea.

Lakini mashindano hayo yana funzo la pili. Barua za ofa ziliandikiwa wanahisa, na uamuzi wa kuuza au kutouza ulikuwa wao. Mkata mkonge wa Mwera asiye na hisa hakuwa na kura, ingawa kubadilika kwa mwenye mali kunaweza kuamua kama shamba litapandwa upya, litakatwa mpaka liishe au ardhi yake itaelekezwa kwenye matumizi mengine. Mwanahisa akiona mambo hayaendi, huuza hisa asubuhi na jioni yuko kwenye kampuni nyingine. Mfanyakazi aliyekaa shambani miaka ishirini, ambaye watoto wake wanasoma pale pale, hana soko la kuuzia miaka hiyo. Vivyo hivyo kwa mwenye duka anayekopesha unga na sukari mpaka mwisho wa mwezi. Shamba likifungwa, daftari lake la madeni hubaki makaratasi.

Yaliyopita nyumbani

Wapo watakaosema kuwa Tanzania imekwisha kujaribu mambo haya na yakashindikana. Ni kweli yamejaribiwa, tena zaidi ya mara moja, na mara ya kwanza ilikuwa humu humu katika mkonge. Inafaa kutazama yalishindwa kwa sababu gani.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 waajiri wa mkonge walianzisha mabaraza ya mashauriano kutoka shambani hadi ngazi ya tasnia nzima. Wafanyakazi walichagua wajumbe wa kukaa na wenye mashamba. Kwa nje ilikuwa hatua kubwa kwa nyakati za ukoloni, enzi za kipande na manamba. Lakini waajiri wengi waliyapenda mabaraza hayo kwa kuwa yangeweza kuziba nafasi ya chama cha wafanyakazi. Wafanyakazi walilitambua hilo mapema. Mwaka 1958 shamba la Mazinde lilikumbwa na mgomo mkali uliotokana na ugomvi huo huo wa baraza na chama. Funzo la kwanza ni kwamba baraza lililoundwa ili kukwepa chama huleta mgomo.

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1964 ya usalama wa kazi ilileta kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Kazi yao kubwa ilikuwa nidhamu na kuachishwa kazi, wala si mipango ya kampuni. Mwaka 1970 ukaja Waraka wa Rais Namba 1, ulioagiza mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mabaraza hayo yalitakiwa kujadili mishahara, tija, mipango na mizania. Orodha hiyo ilikuwa nzuri, lakini kazi ya baraza ilikuwa kushauri tu. Wakuu wa idara walikuwa wajumbe pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi, na chama tawala kilikuwa na mkono wake ndani. Mfanyakazi aliwekewa mizania mezani bila kufundishwa kuisoma, na mara nyingi mambo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa wizarani au makao makuu.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipowakataza viongozi ubabe na dharau kwa walio chini yao, wafanyakazi waliuchukua kwa uzito kuliko walioutunga. Migomo mingi ilifuata hadi 1973, na mingi haikuhusu mshahara bali namna mameneja walivyowatendea watu na mali ya kiwanda. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda na kuendelea kuzalisha wenyewe, na serikali ikawakubalia. Wengine walipojaribu kufuata njia hiyo waliona milango ikifungwa na polisi wakiitwa. Funzo la pili ni kwamba ukimpa mtu kiti cha kusikiliza bila njia ya kuathiri uamuzi, atatafuta njia nyingine.

Mashirika hayo yalipobinafsishwa katika miaka ya 1990, mabaraza yaliondoka pamoja na mfumo uliokuwa umeyazaa. Katika mkonge, Katani Limited, iliyochukua mali za iliyokuwa Mamlaka ya Mkonge, ilianza mwaka 1999 mpango wa kugawa sehemu za mashamba kwa wakulima wadogo, na baadhi yao walikuwa wafanyakazi wa zamani. Huko mfanyakazi alikuwa mwenye majani, huku korona ikibaki ya kampuni. Mpango huo ulileta uhai, lakini pia ulileta migogoro ya malipo na makato, kwani mwenye majani hakuwa na njia rahisi ya kuona hesabu za mwenye korona. Baadaye serikali iliingilia kati, na wakulima katika mashamba kadhaa ya Korogwe wakapanga mambo yao kupitia vyama vya ushirika. Kwa hiyo hata umiliki peke yake hautoshi pale ambapo daftari liko kwa mtu mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa inafaa kuongeza kwamba daftari lisilofunguliwa kwa wahusika nalo huzaa hasara ile ile.

Yaliyo nje

Nchi inayotajwa sana katika jambo hili ni Ujerumani. Kwa sheria ya 1976, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 huwapa wafanyakazi nusu ya viti katika bodi ya usimamizi. Mwenyekiti hutoka upande wa wanahisa, na kura zikilingana yeye ndiye huamua. Kampuni yenye wafanyakazi kati ya 500 na 2,000 hutoa theluthi moja ya viti. Lakini watu wengi husahau sheria nyingine ya 1972, ambayo kwa mashamba ya Pangani ina funzo zuri zaidi. Kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 100 inatakiwa kuwa na kamati ya uchumi, ambayo wajumbe wake hupewa habari za fedha, uzalishaji, mipango ya kupunguza shughuli na mipango ya kufunga sehemu ya kampuni, na hupewa kwa wakati.

Je, wenye mitaji walikimbia? Mwaka 1994 Ujerumani ilibadili sheria, hivi kwamba kampuni ndogo za hisa zilizosajiliwa baada ya Agosti mwaka huo hazikulazimika tena kuwa na wajumbe wa wafanyakazi katika bodi, ilhali zilizosajiliwa kabla ziliendelea kulazimika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha makundi hayo mawili. Uligundua kuwa kampuni zenye wajumbe wa wafanyakazi hazikupunguza uwekezaji. Mitambo na majengo yao yaliongezeka zaidi, na mishahara haikutofautiana kwa kiasi cha kutisha. Mwekezaji mdogo anayedhani mfanyakazi akiingia kwenye bodi atagawana mtaji na wenzake hana ushahidi katika mfano huo. Aliye na maslahi ya kukaa muda mrefu hupenda mashine mpya, kama vile mkata mkonge anavyopenda shamba lipandwe upya.

Mwaka 2009 uchumi wa Ujerumani ulishuka kwa takriban asilimia 5, lakini ukosefu wa ajira haukupanda sana. Fedha za serikali zilisaidia. Kilichosaidia pia ni kwamba viwandani kulikuwa tayari na mabaraza yaliyoziona hesabu, yakakubali saa za kazi zipunguzwe badala ya watu kuachishwa.

Hata hivyo, Ujerumani ina aibu zake. Mwaka 2005 ilifichuka kwamba Volkswagen ilikuwa ikiwafadhili viongozi wa baraza la wafanyakazi kwa fedha na safari za anasa. Mwaka 2007 aliyekuwa mkurugenzi wa utumishi, Peter Hartz, alitiwa hatiani. Mwakilishi anayelishwa na menejimenti hawakilishi mtu.

Karibu na nyumbani, Afrika Kusini ilitunga mwaka 1995 sheria ya majukwaa ya mahali pa kazi kwa waajiri wenye wafanyakazi zaidi ya 100. Ombi la kuunda jukwaa lilipaswa kutoka kwa chama chenye wafanyakazi wengi. Vyama viliogopa kwamba jukwaa lingewanyang'anya nguvu, waajiri nao hawakulisukuma, na majukwaa machache tu yakaundwa. Uingereza, baada ya ripoti ya Bullock ya 1977 kutupwa kabatini, ilikuja mwaka 2018 na kanuni za utawala wa kampuni zilizotoa njia tatu: mkurugenzi atokaye kwa wafanyakazi, baraza la ushauri, au mkurugenzi wa nje anayepewa jukumu la kuwasikiliza. Kampuni nyingi zilichagua njia ya tatu, iliyo rahisi kuliko zote.

Sheria ya sasa

Tanzania haina sheria inayolazimisha kampuni binafsi kuwa na mjumbe wa wafanyakazi katika bodi. Sheria ya Makampuni ya 2002 inawataka wakurugenzi wazingatie pia maslahi ya wafanyakazi, lakini kuzingatiwa hakumpi mtu kiti wala karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imekwenda mbali zaidi. Chama kinachotambuliwa kinaweza kufunga na mwajiri mkataba wa hiari wa pamoja wa kuunda jukwaa la ushiriki wa wafanyakazi. Mwajiri anayetaka jukwaa mahali penye chama kinachotambuliwa hawezi kuliunda peke yake, bali lazima lipite katika mkataba huo. Hapo sheria imejifunza kutokana na mabaraza ya miaka ya 1950.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri atoe habari zinazohitajika katika majadiliano, na kabla ya kupunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na kushauriana. Tatizo ni kwamba mashauriano ya kupunguza watu huja mwishoni, jahazi likiwa limekwisha kuingia maji. Nafasi ya kushauriana mapema, wakati shamba bado linaweza kupandwa na mkopo bado unaweza kupangwa upya, imeachwa kwa hiari ya pande mbili. Mlango upo, lakini anayeusukuma ni nadra.

Hoja za menejimenti

Menejimenti zina hoja zao, nazo si za kupuuzwa. Ya kwanza ni siri. Bei iliyokubaliwa na mnunuzi ikitangazwa shambani asubuhi, jioni mshindani anaijua. Jibu ni kwamba wajumbe wanaweza kufungwa na kiapo cha siri kwa mambo machache yaliyotajwa, kama wakurugenzi wanavyofungwa. Hali ya upandaji, deni na michango ya NSSF si siri za kumsaidia mshindani.

Ya pili ni kasi. Meli haingoji baraza. Hilo ni kweli kwa mauzo ya wiki, na hakuna anayedai kura ipigwe kwa kila bando la katani. Lakini uamuzi wa kupanda au kutopanda, kununua korona au kukarabati ya zamani, kufunga sehemu ya shamba au kuiuza, huchukua miezi ofisini. Siku 30 za mashauriano hazitaua zao la miaka kumi.

Ya tatu ni kwamba wafanyakazi watadai mishahara tu. Watadai, na wana haki. Ila madai yanayotolewa gizani huwa makubwa kuliko yanayotolewa na mtu aliyeona vitabu. Mwaka mbaya, mtu aliyeonyeshwa hesabu kwa miaka mitatu mfululizo ataamini kwamba fedha hazipo. Aliyefichwa miaka yote hataamini hata akiapiwa.

Nayo hofu ya upande wa vyama, kwamba jukwaa litawafanya viongozi wao kuwa watu wa meneja, inathibitishwa na Volkswagen. Kinga yake ni uchaguzi wa siri wa wafanyakazi, muda maalumu wa uongozi, na posho zinazotangazwa ubaoni ili kila mtu azione.

Mambo ya kuandikwa

Mkataba wa jukwaa katika shamba kama la Mwera hauhitaji kurasa nyingi. Unahitaji mambo matano.

Kwanza, kila robo mwaka wajumbe wapewe karatasi moja ya Kiswahili yenye tani kwa daraja, hekta zilizopandwa na zilizotolewa, siku ambazo korona ilisimama na sababu zake, deni lililopo, na hali ya michango ya NSSF.

Pili, uamuzi wa kufunga, kuuza, kupunguza watu au kusimamisha upandaji ufikishwe kwa jukwaa si chini ya siku 30 kabla ya bodi kukaa, na maoni ya jukwaa yaambatishwe kwenye karatasi za bodi jinsi yalivyo.

Tatu, wajumbe wafundishwe kusoma hesabu, kwa muda unaolipwa. Mkufunzi achaguliwe kwa makubaliano ya chama na mwajiri.

Nne, wajumbe watoke katika kila kazi: wakataji, watu wa korona, waanikaji, madereva na karani. Vibarua wa msimu nao wawe na mjumbe, kwa maana wao ndio wa kwanza kuondolewa.

Tano, muhtasari wa kikao ubandikwe ubaoni ndani ya wiki moja, isipokuwa mambo machache ya siri yaliyotajwa katika mkataba.

Gharama ya hayo ni ndogo: siku chache za wajumbe na muda wa mhasibu kuandaa karatasi moja. Upande wa pili wa mizani ni shamba linalozeeka kimyakimya huku gawio likilipwa kutokana na mtaji wenyewe.

Mwekezaji mdogo hana nguvu ya kuamuru kampuni, lakini ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu, na mfanyabiashara anayenunua katani ana haki ya kuuliza kabla ya kufunga mkataba wa mwaka. Maswali matatu yanatosha. Je, kuna mkataba wa ushiriki na chama kinachotambuliwa? Je, wajumbe waliona hesabu za robo iliyopita? Je, kwa miaka mitatu iliyopita zimepandwa hekta ngapi, na wajumbe wa wafanyakazi wanakubaliana na takwimu hiyo? Mkurugenzi anayejibu yote matatu bila kusitasita anastahili kuaminiwa na fedha za watu. Anayesema mambo hayo hayamhusu mwanahisa ametoa jibu pia, na mwenye hisa apange bei yake kwa kulizingatia.